Kabla Hujafungua Chupa ya Kalsiamu

Kila kundi jipya la wanagenzi linalotoka Kabete, chuo cha udaktari wa mifugo, huja na makosa yale yale, utadhani yana kipindi chake kwenye ratiba. Ng'ombe wa Friesian amezaa jana, leo asubuhi hainuki, na wote wanadhani ni homa ya maziwa, yaani kalsiamu ya damu kushuka baada ya kuzaa. Mwenyewe ameshapiga simu mara tatu. Daktari mgeni anashuka kwenye bodaboda pale Dagoretti, chupa ya kalsiamu mkononi, na kabla salamu hazijaisha sindano iko shingoni. Dakika tano, M-Pesa, kwaheri. Wadogo zangu, tulieni. Ng'ombe huyo amelala tangu alfajiri. Dakika kumi za kumpima hazitamuua. Kinachoua ni hicho cha dakika tano.

1. Kipimajoto kwanza. Homa ya maziwa hushusha joto: chini ya 38, masikio baridi, pua kavu, mboni zimepanuka, shingo imejikunja ubavuni, kinyesi kimekwama. Mara nyingi ni ndani ya saa 72 baada ya kuzaa, na ni ng'ombe wa uzao wa tatu kwenda juu. Ukisoma 40, mbele yako una kitu kingine: mastaitisi (ugonjwa wa kiwele) kali, kizazi kilichooza, au homa ya siku tatu, ugonjwa wa virusi. Hii ya mwisho ni mjanja, maana nayo hushusha kalsiamu, hivyo ng'ombe hupata nafuu kidogo ukimdunga nawe ukaondoka ukijisifu. Kisha kamua chuchu zote nne, zote, hata kama mama mwenye boma anakuhakikishia alikamua saa kumi na moja. Maziwa ya majimaji au yenye damu yanabadilisha mpango mzima, na sumu ya mastaitisi ikishaenea mwilini joto hushuka vilevile, kwa hiyo kipimajoto peke yake hakikuokoi. Moyo wa ng'ombe mwenye sumu hauvumilii kalsiamu ya mshipani. Huyo mpe chini ya ngozi. Aliye macho, masikio ya moto, anakula ila miguu ya nyuma haimsikii, huenda aliumia akizaa: muulize mwenyewe ndama alivutwa na watu wangapi.

Toa damu ya kupeleka maabara kabla ya chupa. Baada ya chupa, kipimo cha kalsiamu kinapima chupa.

2. Kasi. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo ng'ombe wanapofia.

Chupa ya ml 400 ya kalsiamu boroglukoneti, ndiyo dawa yenyewe, ya asilimia 40 ina kalsiamu takriban gramu 12. Kalsiamu yote iliyomo kwenye plazma (majimaji ya damu) ya ng'ombe mkubwa mwenye afya ni kama gramu 3. Fanyeni hesabu wenyewe: ukimimina chupa hiyo kwa dakika mbili unapeleka kwenye moyo, ambao kazi yake inategemea kiwango hichohicho, mara nne ya ile iliyopaswa kuwa kwenye damu yote. Moyo hupungua mwendo, huruka mapigo, kisha husimama, naye mwenye ng'ombe amesimama pale anatazama. Hakuna maelezo utakayompa yakaeleweka.

Mwendo salama ni gramu moja kwa dakika, yaani chupa hiyo ichukue dakika 12 au zaidi. Dozi ni gramu 2 kwa kila kilo 100. Jersey wa kilo 350 anahitaji gramu 7, takriban ml 230. Iliyobaki si lazima iishe kwa sababu imelipiwa. Na someni lebo, maana ya asilimia 40 na ya asilimia 23 zinauzwa rafu moja kule dukani.

Mara nyingi tatizo ni anayeshika chupa. Unampa kijana wa boma, naye kwa heshima anainyanyua juu ya kichwa ili dawa ya daktari iingie vizuri. Mwonyeshe: juu kidogo tu ya mgongo wa ng'ombe, na ukisema shusha, anashusha papo hapo. Wewe masikio yako yako kwenye stethoskopu, nyuma ya kiwiko cha kushoto, tangu tone la kwanza hadi la mwisho. Mwanzoni utasikia mapigo dhaifu, ya mbali, 80 au zaidi kwa dakika. Kalsiamu ikiingia vizuri, sauti inapata nguvu na mwendo unapungua polepole. Pigo likiruka, mwendo ukianguka ghafla au ukianza kukimbia ovyo, shusha chupa chini ya kiwango cha moyo na ungoje. Mdundo ukitulia, endelea taratibu, au mpe iliyobaki chini ya ngozi, ukiigawa sehemu kadhaa na kukanda. Asubuhi za baridi ya Julai chupa iloweke kwanza kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu.

Kabla ya yote uliza nani amepita hapo. Tazama nyuma ya hori kama kuna chupa tupu. Jirani mwenye sindano huwa amefika kabla yako, naye huwa amewaambia wasikuambie.

Dawa ikifanya kazi, ng'ombe anabeua, misuli inatetemeka, anakunya, pua inaanza kutoa jasho. Wengi husimama ndani ya saa mbili. Asiposimama dakika ya kumi, hiyo si ruhusa ya chupa ya pili. Kalsiamu ikizidi, mwili hunyamazisha homoni ya paradundumio ambayo ndiyo ingeitoa kwenye mfupa, na jioni ng'ombe analala tena. Subiri saa 6 hadi 12, umpime upya, ndipo uamue.

3. Aliyelala hanyweshwi. Si molasi, si mafuta ya kupikia, si soda. Koo halimezi, kinaingia mapafuni, na nimonia humaliza kazi iliyoanzwa na kalsiamu. Vidonge vya kalsiamu ni vya aliyesimama na anayemeza.

4. Saruji. Boma nyingi za hapa ni sakafu tupu yenye mkojo. Kilo 500 zikilalia paja moja kwa saa chache, misuli inakufa, na hata kalsiamu ikirudi sawa mguu haurudi. Mchanga au nyasi kavu, kina cha shubiri nzima. Mlaze kifuani, umkinge na magunia asilale ubavu na kuvimba tumbo, mgeuze kila saa mbili au tatu, usiku pia. Miguu ikiteleza na kupanuka, ifunge kwa kamba laini iliyoachwa nafasi ya kama sentimita 60 kati yake. Hii ndiyo tiba inayodharauliwa kwa sababu haina bei.

5. Amepata kalsiamu, yuko macho, anakula, lakini anatambaa? Fikiria fosforasi. Zile dawa za sindano zenye fosforasi ya kikaboni hazimpi fosfeti anayoihitaji, hata muuzaji aseme nini. Gramu 200 za monosodiamu fosfeti kwenye maji, kwa mpira hadi tumboni, baada ya kuhakikisha mpira hauko kwenye bomba la hewa, na msizichanganye na kalsiamu ya kunywa.

6. Ketosisi (sukari ya damu imeshuka, mwili unachoma mafuta yake): glukosi ya asilimia 50, ml 500 mshipani, kisha propilini glaikoli ml 300 kwa siku, siku 3 hadi 5. Aliyepungukiwa magnesiamu, anayerusha miguu na kukakamaa, salfeti ya magnesiamu ya asilimia 25 iende chini ya ngozi; mshipani kwa haraka husimamisha pumzi. Na ng'ombe aliyenunuliwa kutoka Nakuru akikonda na kukataa kula, minyoo ikiwa si chanzo, kumbukeni upungufu wa madini ya kobalti. Ugonjwa huo uliwahi kuitwa Nakuruitis.

7. Kabla hujaondoka, nenda uone nepia, nyasi anazolishwa, inakatwa wapi. Kwenye viwanja vyetu vidogo, samadi yote ya boma humwagwa kwenye kipande kilekile, mwaka baada ya mwaka, na nepia yake hujaa potasiamu. Potasiamu hiyo huifanya damu iegemee ualikali (kinyume cha asidi), homoni ya paradundumio inaita, mfupa na figo havisikii. Halafu mzee, kwa nia njema, anamwongezea mwenye mimba lusina (majani yenye kalsiamu nyingi) na unga wa madini wenye kalsiamu nyingi, akiuzoesha mwili kutochota kwenye mfupa. Wiki 3 za mwisho mpunguzie nepia hiyo, umpe nyasi kavu za Boma Rhodes au saileji ya mahindi, usimnyime magnesiamu, na kalsiamu irudi siku anapozaa. Mwandikie kwenye karatasi, kwa Kiswahili, pamoja na tarehe anayotarajiwa kuzaa yule anayefuata bomani.