Kijana wako anacheza futiboli ya Kimarekani haiskuli? Soma hii kabla ya kulipia nyota

Kila tukikutana Watanzania na Wakongo wa hapa Houston, iwe harusini au msibani, lazima mzazi mmoja anivute pembeni: "Mama, kijana wetu ana nyota mbili tu, chuo atapata kweli?" Huwa namjibu kwamba nyota hazilipi ada. Anayelipa ada ni kocha wa chuo, na kocha ana macho yake.

Nyota hizo hutolewa na tovuti kama 247Sports, ESPN na Rivals. Zina wachambuzi wanaotazama video, wanaozunguka kwenye kambi za mazoezi na kupanga vijana madaraja. Sasa fikiria, vijana zaidi ya milioni moja wanacheza futiboli ya Kimarekani haiskuli. Nani atawaona wote? 247Sports huwapa nyota tano vijana kama 32 hivi kwa mwaka, wakifuata idadi ya wanaochaguliwa raundi ya kwanza ya NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huu. Huko juu kabisa wachambuzi mara nyingi wanapatia: Jadeveon Clowney alitajwa namba moja mwaka 2011, na 2014 akawa wa kwanza kuchaguliwa NFL. Trevor Lawrence naye hivyo hivyo, 2018 na 2021. Ukishuka chini wanabahatisha. J.J. Watt, aliyekuja kuvuma NFL, alikuwa wa nyota mbili, akaanzia chuo cha Central Michigan, akahamia Wisconsin bila skolashipu. Josh Allen, naye aliyevuma NFL, alimaliza haiskuli bila ofa ya chuo chochote cha Divisheni ya Kwanza, daraja la juu la michezo ya vyuo, akapitia chuo cha miaka miwili cha Reedley ndipo Wyoming wakamchukua.

Na mara nyingi nyota ndizo zinazofuata ofa. Kijana akipata ofa ya chuo kikubwa kama Alabama leo, usishangae wiki ijayo kaongezewa nyota.

Huku Texas mchezo huu ni dini. Katy, hapa jirani na Houston, walifungua uwanja wa haiskuli mwaka 2017, watu 12,000, kwa zaidi ya dola milioni 70. Uwanja wa watoto wa shule! Mwezi Mei makocha wa vyuo hupita mashuleni kutazama mazoezi, na hapo ndipo nilipoelewa wanachotafuta. Nilikuwa uzioni namsubiri kijana wangu, mmoja wao akanisalimia kwa heshima, akaniangalia kuanzia kichwani hadi viatuni, kisha akauliza baba yake ana urefu gani. Nikadhani ananitania. Kumbe anakisia mtoto atarefuka mpaka wapi na mwili wake utabeba kilo ngapi akifika miaka ishirini. Kijana wangu alikuwa mwembamba, lakini ana mikono mirefu na miguu mikubwa. Yule kocha hakuuliza amemwangusha kotabeki, yule mrusha mpira wa wapinzani, mara ngapi msimu uliopita. Alisimama akatazama kijana anakimbia vipi pale mchezo unapoelekea upande wa pili, mbali naye. Akitoka hapo alipitia kwa mwalimu wa hesabu kuuliza kama huwa anawahi darasani.

Kwa hiyo video ya Hudl, tovuti wanakowekea video za wachezaji, iwe fupi, matukio mazuri yawekwe mwanzoni, na kijana aoneshwe kwa alama kabla kila tukio halijaanza. Kocha ana mamia ya kutazama, muziki wenu hausikilizi. Waandikie vyuo vinavyolingana naye kweli, mkiweka urefu, uzito, wastani wa masomo na namba ya kocha wake wa haiskuli. Huyo kocha wa haiskuli ndiye wakala wenu wa bure. Kampuni moja ilinipigia simu ikitaka maelfu ya dola ili "imtangaze" mwanangu. Nilipomweleza kocha wake alicheka, akachukua simu yake na kumpigia kocha wa chuo mbele yangu.

Barua za kambi nazo zisiwapandishe presha. Kualikwa kwenye kambi ya kulipia si dalili kwamba mtoto anatakiwa. Vijana wengi mno hutumiwa barua ileile. Kambi inayostahili hela yenu ni ile ambayo kocha wa chuo anayefundisha nafasi anayocheza kijana amempigia mwenyewe akasema njoo nikuone. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inawaruhusu makocha wa futiboli wa Divisheni ya Kwanza kumwandikia kijana binafsi kuanzia Septemba 1 ya darasa la kumi na moja. Ofa ikija kwa mdomo, haimfungi mtu yeyote. Muulizeni kocha waziwazi: "Akisema ndiyo leo, mnampokea?" Akianza kuzunguka mbuyu, hiyo si ofa.

Masomo ndiko watoto wetu wengi wanakoangukia. Divisheni ya Kwanza inataka masomo ya msingi 16 na wastani wa alama wa 2.3 kati ya 4, ya Pili, 2.2. Kwa ya Kwanza, 10 kati ya hayo 16 yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho kuanza, na 7 kati ya hayo 10 yawe Kiingereza, hesabu au sayansi. Madarasa ya Kiingereza cha wageni ya ngazi za mwanzo hayahesabiwi. Tena saa inaanza kuhesabu darasa la tisa, hata kama alilisoma kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma, na matokeo ya huko yatatakiwa. Nendeni kwa mshauri wa masomo akiwa darasa la tisa, mwambieni atoe orodha ya masomo ya shule yake yanayotambuliwa na NCAA, mlinganishe na ratiba ya mtoto mstari kwa mstari. Msimwachie kocha kazi hii.

Mjue pia kwamba nafasi zimebana. Tangu 2024 mchezaji wa chuo anaweza kuhama kila mwaka bila kukaa nje msimu, mradi masomo yake yako sawa, na kocha anayetetea kazi yake atamchukua mtu mzima wa miaka 22 aliyekwisha kucheza kabla ya mtoto wa haiskuli. Vijana waliokuwa wakipata vyuo vikubwa wanasukumwa chini. Msidharau huko chini. Divisheni ya Pili ina thamani ya skolashipu kamili 36 kwa timu, zinagawanywa vipande. Ya Tatu haitoi hela ya michezo kabisa, lakini hela ya ufaulu inatoa. Kijana wangu yuko Divisheni ya Pili, na kipande kikubwa cha ada yake kimelipwa na alama za darasani.

Siku ya kusaini, someni mkataba wa msaada wa fedha wote: ni wa mwaka mmoja au zaidi, unalipia masomo ya kiangazi, akiumia inakuwaje. Na kama mtoto yuko kwa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, asisaini mkataba wowote wa kulipwa kwa ajili ya jina na picha yake kabla hamjaonana na mwanasheria wa uhamiaji, kwa sababu viza hiyo inabana sana mambo ya kazi na kipato.