Moto wa Lengai juu ya Bamba la Shaba: Maswali Yenu Kuhusu Enameli

Enameli unayochorea mandhari ya Bonde la Ufa ndiyo ile ya vikombe vya bibi zetu?

Ndiyo. Enameli ni kioo kilichosagwa kikawa unga, kikayeyushwa tanurini hadi kikashikana na metali. Vikombe vile vilikuwa vya bamba la chuma, nami hutumia shaba nyekundu. Mchanga wa silika peke yake huyeyuka karibu na nyuzijoto 1,700, ilhali shaba huyeyuka kwenye 1,085. Kinachouwezesha mchanga huo kulainika kwenye nyuzi 800 hivi ni vitu vinavyochanganywa nao, kimojawapo kikiwa soda, ambayo ndiyo kiini cha magadi tunayopikia maharage. Soda ya Ziwa Magadi, kule Kenya, huuzwa kwa viwanda vya kioo, na mimi hufurahi kila nikikumbuka kwamba bonde hilo linahusiana na kioo hata kabla fundi hajachora mstari wa kwanza.

Kwa nini basi nisisage mawe ya volkano na kuyapaka moja kwa moja?

Mawe meusi ya basalti huyeyuka kabisa karibu na nyuzi 1,200, kwa hiyo shaba yako itakuwa imegeuka uji kabla ya jiwe kung'aa. Majivu ya Ol Doinyo Lengai, ile volkano hai ya kaskazini mwa Tanzania, yana tatizo jingine: kaboneti iliyomo hutoa gesi inapokutana na kioo cha moto, na gesi hiyo huacha mapovu na vishimo.

Nimejaribu kuuchora Lengai na Ziwa Natron, lakini rangi zinaonekana za uongo. Ninakosea wapi?

Nadhani unachora picha ya mlima kabla ya kuelewa mwenendo wake. Lava ya Lengai hutoka ikiwa na nyuzi kati ya 500 na 600 tu, yaani ni baridi kuliko tanuri lako, nayo huwa nyeusi au kahawia iliyoiva, kisha hugeuka nyeupe kwa kunyonya unyevu wa hewa. Kwa hiyo weupe ule si theluji wala si rangi ya kupakwa kwa brashi kuanzia juu kwenda chini. Choma kwanza tabaka jeusi, kisha chekecha unga mweupe kwa chujio laini, kidogo kidogo, ukiacha weusi uonekane mahali ambapo lava ni changa. Wekundu wa Natron hutokana na vijidudu vinavyopenda chumvi, na kwenye enameli rangi nyekundu huungua upesi ikawa kahawia; iache iwe ya mwisho, uichome kwa muda mfupi, macho yako yasiondoke tanurini.

Kazi yangu hupasuka ikipoa.

Kioo na shaba havisinyai kwa kiasi kimoja, na ukipaka upande mmoja tu, bamba hujikunja na kioo hupasuka. Paka enameli upande wa nyuma pia, kwa unene unaokaribiana na wa mbele. Safisha shaba kwa siki na chumvi kabla ya kuanza, na vaa barakoa unapochekecha, kwa sababu vumbi la kioo huumiza mapafu na baadhi ya enameli zina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Naweza kutumia shaba ya manjano?

Sikushauri. Zinki iliyomo huifanya enameli ibanduke.