Muulize Fundi: Gari inawaka ikipenda

SWALI: Fundi habari ya kazi. Nabeba mayai kutoka Njoro nikileta Nakuru mjini, gari ni ya zamani, gia za mkono. Asubuhi nakanyaga klachi nageuza ufunguo, kimya, hata tak haisemi, na taa za dashibodi zinawaka vizuri na honi inalia. Narudia mara nne tano halafu inawaka kama hakuna kitu. Vijana wakinisukuma inawaka mara moja. Makanika wa kwanza anasema stata imekufa ninunue ingine, wa pili anasema ataunganisha waya dairekti nisahau hiyo maneno. Nifuate nani? - Mama Mayai, Njoro

JIBU: Mama, kwa sasa usifuate yeyote, pesa zikae kwa mkoba. Inaweza kuwa stata, sikatai, lakini venye umeeleza mimi naanza na swichi ya klachi, kale kadude kako juu kule pedali imefungwa chini ya dashibodi. Kazi yake ni kunyima stata moto (umeme wa betri) mpaka ukanyage klachi hadi mwisho, haina shughuli na injini yenyewe, ndio maana ukisukumwa inawaka bila kubembelezwa (stata mbovu pia ukisukumwa inawaka, kwa hivyo hiyo peke yake si ushahidi).

Anza na mkeka. Usicheke, nimeona watu wameweka mkeka mzito juu ya mkeka, pedali inafika kwa mkeka na haifiki mwisho. Uvute nyuma ujaribu tena.

Ikikataa, weka nyutro, vuta hendibreki, washa tochi ya simu uingize kichwa huko chini mtu akikanyaga klachi polepole. Swichi iko na kapini, na pedali ikifika mwisho lazima ikabonyeze kazame. Mara nyingi utakuta kipira cha pedali kimelika na kapini kanaguswa tu nusu, leo kanafika kesho hakafiki, ndio hiyo ya kurudia mara nne. Sasa mwenzako akiwa amekanyaga bado, kabonyeze na kidole hadi mwisho halafu ageuze ufunguo. Ikiwaka, swichi ni nzima, unalegeza nati unaisogeza karibu na pedali kidogo au unaweka kipira kipya. Isipowaka, chomoa soketi yake uunganishe zile waya mbili na kipande cha waya, bado ukiwa nyutro. Ikiwaka hapo swichi imekufa, nunua ingine. Isipowaka, sasa ndio twende kwa fyuzi, rilei (kale kaswichi ka umeme kanakopitisha moto wa stata) na hiyo stata yao.

Lakini hiyo dairekti ni ya kupima tu, usikubali ikae. Jirani yangu alifungiwa hivyo, siku moja akaingiza mkono dirishani kuwasha na gari iko kwa gia ya kwanza, ikaruka ikaingia kwa kibanda cha chapati. Mwenye chapati alikuwa ameenda kuchota maji, Mungu ni mkubwa. Wewe na trei zako za mayai hebu fikiria.

SWALI: Mkuu, niko Kondele Kisumu. Betri mpya lakini kila asubuhi imeisha chaji, na jirani anasema taa za breki zinalala zikiwaka. Pia naona vipande vya plastiki kwa mkeka wa dereva, sijui vinatoka wapi.

JIBU: Ndugu yangu umejijibu. Hivyo vipande ni kile kizibo cha plastiki kwa mkono wa pedali ya breki. Ukiachilia breki kinatakiwa kusukuma pini ya swichi ndani ndio taa zizime, na sasa kimezeeka kikavunjika, pini inapita kwa tundu wazi na swichi inadhani umekanyaga breki usiku kucha. Balbu mbili za wati 21 zinakula karibu ampea 3.5, kwa hivyo betri ya ampea-saa 45 ukiegesha saa moja jioni, asubuhi saa moja haina kitu. Kizibo ni bei ya chini, na kwa leo weka bolti fupi yenye kichwa bapa na nati. Usiikaze swichi sana mpaka isukume pedali, breki zitashika na magurudumu yatachemka. Ukimaliza rudisha gari karibu na ukuta usiku, ukanyage na kuachilia ukiangalia wekundu kwa kioo.