Malaika ni wimbo wa nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Hapa Buruburu tumebishana hadi usiku: Malaika si wimbo wa Miriam Makeba?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Makeba aliupeleka mbali, akautoa na Harry Belafonte mwaka 1965, lakini Fadhili William, Mkenya mwenzetu, alikuwa ameshaurekodi. Kuhusu mtunzi, wapo wanaomtaja Adam Salim, na ubishi huo haujaisha. Boney M. nao waliuimba. Mimi nashikilia sauti ya Fadhili. Marehemu baba aliweka santuri hiyo kila Jumapili, kule Kaloleni, na ukifika pale kijana anapolia kwamba hana mali ya kumwoa mpenzi wake, baba alinyamaza kabisa. Mahari ya mama alimaliza kuilipa nikiwa darasa la tano.