Maswali Yenu Kuhusu Jioni ya Kuonja Mvinyo

Maswali yaliyonifikia safari hii mengi yanahusu zile jioni za kuonja ambazo maduka ya mvinyo huandaa kila wiki. Nimechagua sita.

Nikitema mvinyo, mwenye duka hataona namdharau?

Tema bila wasiwasi. Ile ndoo imewekwa mezani kwa kazi hiyo. Wanaoonja kwa taaluma hutema karibu kila funda. Mvinyo mwingi una alkoholi ya asilimia 12 hadi 14. Ukimiminiwa mililita 50 za kila aina, aina sita zinafika mililita 300, nazo si haba: chupa nzima ni mililita 750. Ladha ipo mdomoni na puani, hivyo kumeza hakukuongezei maarifa. Ila hata anayetema huingiza alkoholi kidogo mwilini, kwa hiyo gari liache nyumbani.

Kwa nini mvinyo mwekundu hunikausha ulimi?

Ni tanini, iliyomo kwenye maganda na mbegu za zabibu. Mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda yake, ndiyo maana hupata rangi na tanini kwa pamoja. Mweupe kwa kawaida hutenganishwa nayo mapema. Tanini hushikana na protini za mate, na utelezi wa mdomo hupotea. Wengi huiita ukali, lakini ukali ni wa asidi, na asidi hufanya kinyume: hujaza mate. Ukishameza au kutema, tulia kidogo uone kama mdomo umekauka au umejaa mate. Ukiweza kutofautisha hayo mawili, utaweza kumweleza muuzaji unachopenda hata kama hujui jina la zabibu hata moja.

Wenzangu husikia harufu ya maua, tumbaku, matunda. Mimi nasikia mvinyo tu. Pua yangu ina kasoro?

Haina. Kilichopungua ni mazoezi ya kuipa harufu jina, na hata wenye mazoezi hupotoshwa. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa taaluma ya mvinyo. Waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yalikuwa yameshaamua kabla ya pua.

Kwa hiyo usishindane na wenzako wa mezani. Fanya hivi: omba glasi mbili kwa wakati mmoja, unuse moja, kisha nyingine, halafu urudi ya kwanza. Harufu iliyojificha ukiwa na glasi moja hujitokeza ikiwa na jirani. Andika neno lako kabla mtu hajafungua mdomo, maana ukishasikia “waridi” utalinusa waridi hata kama halipo. Anza na zinazojulikana kirahisi. Sauvignon Blanc, mvinyo mweupe wa zabibu ya jina hilohilo, mara nyingi hunukia majani mabichi au pilipili hoho, na si mawazo tu: zabibu hiyo na hoho zina kemikali za jamii moja.

Hapa ndipo ninapozipenda sana jioni za kila wiki kuliko karamu moja kubwa ya mwaka. Kumbukumbu ya harufu hujengwa kwa kurudiarudia, ungali unakumbuka ya wiki iliyopita.

Naweza kujipulizia manukato?

Hapana, tafadhali. Yanaharibu kazi ya pua zote za mezani.

Nikikuta harufu ya kadibodi iliyolowa, niseme au ninyamaze?

Sema, kwa upole, na mapema. Huenda kizibo kimeuharibu mvinyo: kuna kemikali iitwayo TCA ambayo hata ikiwa kidogo mno hufifisha matunda na kuleta harufu ya ukungu. Haitakudhuru, lakini mvinyo huo si ule aliokusudia mtengenezaji. Muuzaji makini ataunusa na kufungua chupa nyingine, tena atakushukuru.

Mvinyo ghali ndio bora?

Si lazima. Tarehe 24 Mei 1976, Steven Spurrier, Mwingereza aliyekuwa na duka la mvinyo Paris, aliwakusanya majaji Wafaransa waonje bila kujua chupa zimetoka wapi. Mvinyo wa California, ambao wakati huo haukuwa na heshima kubwa, uliongoza pande zote mbili: Chateau Montelena ya 1973 kwa mweupe, na Stag's Leap ya 1973 kwa mwekundu. Mbele ya majaji hao zilikuwepo chupa za Kifaransa, za Bordeaux na Burgundy, zenye majina makubwa.

Mwombe mwenye duka lako afunike chupa kwa mifuko ya karatasi walau jioni moja kwa mwezi, na bei zitajwe baada ya kila mtu kuchagua. Kisha nunua ile uliyorudia kuinusa bila kuambiwa.