Barua kwa mwanangu: vikombe vitatu vya harusi ya Kijapani

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, nikampa mama yako naye akausoma. Unasema wakwe zako watarajiwa wangependa ndoa yenu ifungwe kwenye hekalu la Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, na kwamba hapo mtakunywa sake, ile pombe yao ya mchele, kwa vikombe vitatu. Unataka kujua vikombe hivyo vina maana gani, na kama ukivinywa utakuwa umeapa kwa miungu usiyoiabudu. Swali hili ni zito, na nimefurahi kwamba umeliuliza mapema, kabla kadi hazijachapishwa.

Nianze na jinsi tendo lenyewe linavyofanyika, kwa sababu nusu ya jibu imo humo. Wanaliita san-san-kudo, yaani tatu kwa tatu, mara tisa. Vikombe vyenyewe ni bapa kama visahani, vya mbao iliyopakwa rangi nyekundu inayong'aa, vimepandanishwa, kile kidogo kikiwa juu na kikubwa chini. Binti anayehudumu hekaluni huinamisha chombo cha sake mara mbili kidogo tu, na mara ya tatu ndipo humimina. Anayepokea naye hugusisha midomo mara mbili, mara ya tatu akameza. Kikombe kidogo huanza kwa bwana harusi, huja kwako, kisha humrudia yeye. Cha kati huanza kwako, huenda kwake, hurudi kwako. Kikubwa huanza kwake tena. Ukihesabu utaona wewe unapokea mara nne na yeye mara tano. Huo ndio mpangilio ulioenea, ingawa yako mahekalu yanayoufupisha, kwa hiyo msimamizi atawaelekeza siku hiyo.

Kwa nini tatu? Wajapani walipokea kutoka China fikra kwamba namba witiri ni za heri. Tena namba witiri haigawanyiki katikati, na kwenye ndoa jambo hilo lina uzito wake. Ndiyo maana rafiki anayehudhuria harusi kwa kawaida hutia yen 30,000, yaani noti tatu za 10,000, kwenye bahasha, wala si 20,000. Tatu ikijirudia mara tatu inakuwa tisa, kubwa kuliko namba zote za tarakimu moja.

Kuhusu kila kikombe peke yake, utasikia maelezo tofauti. Wapo watakaokuambia ni mbingu, ardhi na binadamu. Wengine watasema kidogo ni cha waliotangulia, cha kati ni chenu ninyi wawili, kikubwa ni cha watakaozaliwa. Usihangaike kutafuta ni lipi la kweli. Mimi, baada ya kuishi nao miaka yangu ya masomo kule Kyoto na kuruhusiwa kukaa nyuma kabisa mwenzangu wa maabara alipokuwa anaoa, naamini uzito uko kwenye jambo moja: midomo miwili, kikombe kimoja. Unapokea pale mwenzako alipoishia, naye anapokea pale ulipoishia wewe. Hakuna anayekimaliza peke yake. Yule mwenzangu alikuwa mtu wa utani sana, lakini siku ile mikono ilimtetemeka hata nikadhani atamwaga. Wewe umekulia Moshi, umeona wazee wakipokezana kata ya mbege siku ya kupokea mahari, kwa hiyo hili halihitaji maelezo mengi kwako.

Sasa sehemu ya miungu. Hapa nataka ujue historia, maana itakusaidia kuamua.

Watu wengi, hata Wajapani wenyewe, hudhani harusi ya hekaluni ni ya tangu kale. Si hivyo. Kunywa kwa kupokezana vikombe vitatu ndiko kwa kale: kulikuwa adabu ya karamu katika nyumba za wapiganaji, samurai, zaidi ya miaka mia tano iliyopita, na hatimaye kukaingia kwenye ndoa za watu wa kawaida. Ndoa hizo zilifungwa nyumbani, kwa kawaida nyumbani kwa mwanamume, bila kuhani. Sebuleni waliweka pambo lenye msonobari, korongo na kobe, wanyama wanaohesabiwa kuwa na maisha marefu. Jamaa walikaa wakishuhudia, vikombe vikapokezanwa, na watu wakajua hawa sasa ni mume na mke. Ndoa ya hekaluni kama tunavyoijua leo ilipata sura yake baada ya tarehe 10 Mei 1900, siku Mwanamfalme Yoshihito, ambaye baadaye akawa Mfalme Taisho, alipomwoa Kujo Sadako mbele ya madhabahu ya jumba la kifalme mjini Tokyo. Watu walivutiwa. Hekalu ambalo leo linaitwa Tokyo Daijingu likapanga ibada ya mfano huo kwa ajili ya wananchi, na desturi ikaenea nchi nzima.

Kwa hiyo vikombe ni vikongwe kuliko ibada iliyovipokea. Lakini sitaki uchukue neno hilo ukajidanganya kwamba hekaluni ni mapambo ya picha tu. Pale kuhani atawatakasa kwa kupunga fimbo yenye karatasi nyeupe, atasoma dua, ninyi mtasoma kiapo chenu, mtaweka tawi la msakaki, mti wao mtakatifu, mbele ya madhabahu, mtainama mara mbili, mtapiga makofi mara mbili, mtainama tena. Na sake mtakayokunywa imekwisha kutolewa kwa miungu kabla haijamiminwa kwenye vikombe. Hiyo ni sala. Wenyeji wanaweza kukuambia "ni mila tu", na wengi wao wanaamini hivyo kwa moyo mweupe, lakini kwako wewe uliyepata kipaimara, maneno hayo hayatoshi. Najua utanikumbusha Mtume Paulo, aliyesema nyama iliyotolewa kwa sanamu yenyewe haimdhuru mlaji. Nami nakukumbusha kwamba Paulo hakuishia kwenye nyama, alizungumzia pia dhamiri ya mlaji na ya wanaomtazama.

Ushauri wangu ni huu. Kuna namna ya harusi kule ambayo wanandoa hula kiapo mbele ya wageni, si mbele ya madhabahu, na ndani yake watu huweka san-san-kudo wakipenda. Waombeni wazee hiyo. Mama mkwe wako asione kwamba unaikataa mila yao. Mweleze kwamba unakitaka kikombe chenyewe, kwa namna inayokaribia ile ya nyumba za kale, jamaa wakiwa mashahidi. Mchumba wako asimame nawe katika kusema hivyo, tena aanze yeye, maana ni wazazi wake. Wakishikilia hekaluni, tuzungumze tena kabla hujajibu. Sitakuamulia.

Na kama hofu yako nyingine ni pombe yenyewe, hiyo ni ndogo. Asiyekunywa hugusisha midomo tu, hakuna atakayemlaumu.

Kuna kikombe kingine ambacho hukukitaja. Wanandoa wakimaliza, jamaa wa pande mbili wanaokaa wakitazamana humiminiwa nao, wakanywa pamoja. Hicho kinatuhusu sisi. Mama yako alinyamaza kidogo nilipomsomea sehemu hii, kisha akasema atakunywa, maana anayepokea binti yake si mgeni tena kwake. Nami nitakunywa. Ikiwezekana muweke na hicho kwenye harusi ya mbele ya wageni.

Mwisho, usisahau kwamba mbele ya sheria ya Japani vikombe havifungi ndoa. Inafungwa mnapopeleka fomu yenu kwenye ofisi ya manispaa ikapokelewa. Wewe kama mgeni utadaiwa hati ya kuthibitisha kwamba hujaolewa na huna kizuizi, pamoja na tafsiri yake kwa Kijapani. Uliza manispaa wanataka zipi hasa, kisha unitumie orodha, nianze kuzifuatilia huku. Na useme mnafikiria mwezi gani, mama yako aombe likizo mapema.

Akupendaye,
Baba yako