Muulize Fundi: Ya Dar Imefika Mbeya, Inabugia Mafuta

Safari hii maswali karibu yote ni ya pikipiki, na karibu yote yanailaumu kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Wengine wana haki, wengine wanaisingizia.

*Shikamoo fundi. Mi ni boda hapa Mwanjelwa, nimenunua pikipiki ya CC 125 mkononi kwa mtu Dar ikapandishwa kwenye fuso mpaka huku, kule nimeitesti mwenyewe ilikuwa poa kabisa. Kufika Mbeya inabugia mafuta balaa, plagi nyeusi tii, nikianza kupanda Kawetere na abiria inamisi kama inataka kuzima. Nikaipeleka kwa fundi wa mtaani akafungua kabureta akachokonoa jeti na waya wa klachi, akasema zilikuwa zimeziba. Sasa ndo imezidi. Ninunue kabureta mpya?* (Boda, Mwanjelwa)

Marahaba mdogo wangu. Hela ya kabureta mpya kaa nayo kwanza. Hapo yamekukuta mawili kwa mpigo.

La kwanza ni mlima wenyewe. Dar ni usawa wa bahari, Mbeya mjini mko kama mita 1,700 juu, na hewa inapungua uzito kama asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000. Kabureta haijui kama imehamishwa mkoa, jeti, kile kijipua chenye tundu la kupitisha petroli, inaendelea kumwaga karibu kama ilivyokuwa inamwaga Dar wakati hewa ya kuiunguza imepungua, kwa hiyo petroli nyingine inabaki haijaungua vizuri na hayo ndo masizi unayoyaona kwenye plagi. Ukipanda Kawetere hewa inapungua tena, na una abiria juu, lazima imisi.

La pili ni huo waya, na hapa nasema wazi kwamba fundi wako kakuharibia. Jeti ni shaba laini na tundu lake ni milimita moja tu au chini ya hapo, ukilichokonoa na waya wa chuma umelipanua, na hakuna namna ya kulirudisha. Jeti inaloweshwa kwenye petroli safi halafu inapulizwa kwa upepo wa kompresa au hata pampu ya baiskeli. Uchafu ukigoma tumia unywele mmoja wa mswaki, basi.

Sasa cha kufanya. Anza na eya klina, yaani kichujio cha hewa, maana ikijaa vumbi dalili ni hizihizi, moshi mweusi na ulaji wa mafuta, na watu wanabadilisha jeti mpaka wanachoka kumbe pikipiki haipumui. Kama ni ya sponji ifue kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, paka oili kidogo uikamue, kama ni ya karatasi usiifue, ikung'ute au nunua nyingine. Halafu hakikisha choki, ile ya kuongeza petroli wakati wa kuwasha, inarudi yote, choki iliyong'ang'ania nusu nayo inamaliza tangi.

Hapo ndo unakuja kwenye jeti. Nunua mpya zote mbili, kubwa na ndogo. Jeti kubwa ina namba imepigwa kichwani, kama ya zamani ni 100 tafuta 97 au 95, usiruke mbali zaidi ya hapo. Kama petroli bado inazidi katikati ya resi, ile sindano ya ndani ya kabureta inayopanda na kushuka na resi ina klipu na vijinafasi vyake, pandisha klipu nafasi moja juu ili sindano ishuke, mafuta yatapungua. Kujua uguse wapi sikiliza inapomisia, ikimisi resi ikiwa wazi yote ni jeti kubwa, katikati ni sindano, ikiwa imesimama tu inanguruma yenyewe ni jeti ndogo na ile skrubu ya pembeni.

Hiyo skrubu ndo inapotosha wengi. Kama iko upande wa injini inarekebisha mafuta, ukikaza unapunguza petroli, kama iko upande wa eya klina inarekebisha hewa, ukikaza unabana hewa na petroli inazidi. Kwa hiyo mtu akikwambia "kaza kidogo tu" muulize ipo upande gani. Kabla hujaigusa ikaze polepole mpaka iguse chini huku unahesabu mizunguko, usilazimishe utaivunja ncha, halafu ifungue mzunguko mmoja na nusu mpaka miwili. Injini ikiwa moto izungushe kidogo kidogo mpaka mlio upande na utulie. Piga safari ndefu kidogo ndo uangalie plagi, ikiwa ya kahawia umepatia, ikiwa nyeupe umepitiliza, utaunguza injini.

Na ukipata dili ya kuihamishia Kyela, kule ni kama mita 500 tu, weka jeti kubwa mpya yenye namba ya zamani. Iliyowekwa kwa ajili ya Mbeya kule itakuwa na njaa ya mafuta.

*Fundi habari. Mimi ni mwalimu huku Njombe, ikifika Juni na Julai pikipiki asubuhi haiwaki, napiga kiki mpaka nalowa jasho na baridi yote hii, mchana inawaka mara moja.* (Mwalimu, Njombe)

Salama mwalimu. Petroli ya baridi haigeuki mvuke kirahisi, ndo kazi ya choki. Vuta choki yote na USIVUTE RESI wakati unapiga kiki, ukivuta resi ule mnyonyo wa choki unapotea. Ikishawaka na kupata joto irudishe. Ila ikianza kudai choki hadi mchana, hapo jeti ndogo imeziba au mpira unaounganisha kabureta na injini umepasuka. Nyunyizia maji kwenye huo mpira injini ikinguruma, mlio ukibadilika umeshampata mwizi.

*Mambo fundi, yangu inatembea fresh toka Mafinga, baada ya kilomita kadhaa inakufa, nikipumzika kidogo inawaka tena. Kabureta nimeshaosha mara ngapi sijui.* (Kijana, Mafinga)

Poa. Acha kuiosha. Ikizima fungua mfuniko wa tangi hapohapo, ukisikia fyuu ya hewa inaingia na pikipiki ikawaka, kitundu cha hewa cha mfuniko kimeziba kwa vumbi na petroli haishuki. Kizibue. Usitembee na mfuniko umelegea, mvua itaingia. Kama hakuna fyuu, angalia kichujio cha koki, ile bomba ya kufungulia petroli chini ya tangi, na kama plagi haitoi cheche ikiwa moto basi ni koili au CDI, vifaa vya umeme vinavyotengeneza cheche, kabureta haihusiki kabisa.

*Fundi, usiku petroli inadondoka kwenye kimpira cha chini ya kabureta, nyumba nzima inanuka. Na mafuta nanunua ya chupa maana kituo kiko mbali.* (Mama mwenye boda, Tukuyu)

Pole mama. Kwanza itoe ndani, isilale karibu na jiko wala kibatari. Funga koki kila unapoizima. Ile sindano ndogo ndani ya kabureta, inayofungwa na boya petroli ikijaa, imekaliwa na uchafu au mpira wa ncha yake umelika, igonge kabureta kwa mpini wa bisibisi taratibu, ikiacha kudondoka ulikuwa uchafu, isipoacha badilisha sindano. Halafu vuta kijiti cha oili unuse, ikinuka petroli imeshuka kwenye injini, mwaga oili uweke mpya kabla hujawasha.

Hayo mafuta ya chupa yakague. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa mpaka serikali ikapandisha kodi yake mwaka 2011, ila maji bado yanaingia kwa mvua za huko kwenu. Fungua skrubu ya chini ya kabureta, kinga kwenye chupa nyeupe, maji yatakaa chini ya petroli utayaona. Ukikifungua kikombe cha chini ya kabureta na ile pete ya mpira ikagoma kurudi kwenye mfereji wake, usiikate wala usipake gundi, imevimba kwa petroli tu, iache nje ikauke itanywea yenyewe.